Baraka: Kutoka milimani hadi ziwani, baba mmoja ajifunza kuchagua mshipi

Kwenye soko la Baraka, teritware ya Fizi, mshipi wa kuvulia samaki hauna meza yake peke yake. Unalala kati ya sabuni, betri za tochi, chumvi na viberiti. Kuna rulo ndogo zenye uzi unaong'aa kama kioo, kuna za kijani, kuna kamba nyeupe iliyosokotwa, na kuna mafungu yasiyo na karatasi wala jina, yamefungwa kwa kipande cha mpira na kuachwa juani tangu asubuhi. Mtu aliyezaliwa kando ya ziwa anapita, anagusa, anavuta kidogo, na tayari amejua. Mtu aliyefika juzi na mzigo kichwani anaona uzi tu, na anauliza bei.

Kwa jamaa zilizokimbia mapigano ya milimani na kushuka mpaka Tanganyika, jambo hili si la mchezo. Wavu ni ghali. Mtumbwi una mwenyewe, na mwenyewe anataka sehemu yake hata siku ambayo samaki ni wachache. Mashamba ya karibu na mji yana wenyewe pia. Mshipi na ndoana ndicho chombo ambacho mtu asiye na kitu anaweza kukinunua kwa kazi ya siku chache. Akikosea kukichagua, siku zile zimepotea, na watoto hawali maelezo.

Kuna baba mmoja, umri wake unakaribia miaka 50, aliyefika Baraka na mke wake na watoto watano. Kule juu alikuwa analima mahindi, maharagwe na viazi, na alikuwa na ng'ombe wawili. Ziwa alikuwa akiliona kwa mbali tu, siku mvua imeosha hewa, kama shitingi la buluu lililotandikwa chini ya milima. Sasa analala mita mia tatu kutoka majini, kwenye kiwanja cha jamaa iliyowapokea, na usiku anasikia mawimbi.

Alibeba mchanga wa ujenzi siku tisa. Pesa ilipofika mkononi, kukawa na mazungumzo marefu nyumbani. Mama watoto alitaka sufuria ya pili na sabuni. Baba alitaka mshipi. Alisema sufuria ya pili itapika nini. Mama akakubali, lakini si kwa furaha, na alimwambia wazi kwamba akirudi mikono mitupu wiki nzima, wataongea tena.

Sokoni alifanya kile ambacho mtu mwenye pesa kidogo hufanya mahali pengi: alichukua fungu kubwa kwa bei ndogo. Kijana muuzaji alimsifia. “Papa, huu ni mwingi sana, utavua mpaka Kigoma.” Watu wakacheka, na baba naye akacheka. Uzi ulikuwa mnene, mweupe uliogeuka manjano, na ulipofunguliwa ulijikunja wenyewe kama chemchemi ya kitanda. Hakuliona hilo kuwa tatizo.

Siku tatu za kwanza, kwenye majabali ya ukingoni, alipata samaki wadogo wa kutosha kuonja. Siku ya nne, jua linatua, mshipi ulivutwa kwa nguvu ambayo hakuitarajia. Wavuvi waliokuwa karibu wanasema alikuwa kuhe, maana walimwona akigeuka chini ya maji, mpana na wa manjano. Kuhe ni samaki anayeheshimika katika ziwa hili. Katika jamii yake ya samaki, ile ya sato na ndugu zao wote duniani, yeye ni mmoja wa wakubwa kabisa. Anaweza kuzidi kilo nne. Baba alivuta kama mtu anayevuta ng'ombe kwa kamba. Uzi ukarudi mwepesi mkononi. Ndoana ilikwenda, jiwe lilikwenda, na samaki alikwenda. Nyumbani mama alikuwa ameshaambiwa na mtoto aliyekimbia mbele, na maji yalikuwa tayari motoni.

Aliyemsaidia baba huyu ni mzee mmoja mwenye asili ya Ubwari, ile rasi ndefu inayofunga ghuba ya Burton upande wa mashariki. Ni mtu wa maneno machache. Asubuhi yake alimkuta baba amekaa, ameshika kile kipande kilichobaki. Hakumpa pole. Aliomba aone ncha ya uzi.

“Muzee, imekatika tu,” baba alisema.

“Hakuna uzi unaokatika tu, ndugu yangu. Leta nione.”

Wageni wengi wa ziwa hawajui kwamba ncha ya mshipi uliokatika inasema ukweli. Ikiwa imejikunja kama mkia wa nguruwe, fundo ndilo lililofunguka na kuteleza. Uzi wenyewe hauna kosa. Ikiwa imechakaa na kuwa na manyoya, uzi ulikuwa unasuguliwa kwenye jiwe. Ikiwa imekatika moja kwa moja na nyumba ya fundo imebaki, basi ama fundo limejinyonga lenyewe, ama uzi ulikuwa umeshakufa zamani. Ncha ya baba huyu ilikuwa imekatika juu kabisa, mbali na fundo, mahali ambapo hakuna jiwe lililogusa. Mzee alichukua kipande kingine cha fungu lile, akakivuta kati ya mikono yake miwili, kikakatika kwa sauti ndogo kama kijiti kikavu.

Jua ndilo lililokuwa limekiua. Nailoni ikikaa juani wiki kwa wiki inapoteza nguvu polepole, na kwa macho huoni kitu, isipokuwa rangi inayogeuka na ngozi ya uzi inayokuwa kama ina vumbi. Mfanyabiashara anayetandika mishipi yake juani kila siku hauzi kitu kile kile alichonunua, hata kama yeye mwenyewe hajui. Mnunuzi ana haki ya kuomba kile kilicho ndani ya katoni, chini, kwenye giza. Wengi wanaona aibu kuomba hivyo. Aibu hiyo inawagharimu.

Mzee hakuishia hapo. Aliagiza kikombe cha maji. Alikata kipande kidogo cha ile kamba nyeupe iliyosokotwa ambayo wauzaji wengine huiita nailoni, akakilowanisha kwa vidole na kukisukuma chini ya maji. Kikapanda juu na kuelea. Halafu akafanya hivyo hivyo na kipande cha mshipi wake mwenyewe, na chenyewe kikazama taratibu mpaka chini ya kikombe. Nailoni ni nzito kidogo kuliko maji. Kamba za plastiki ya aina nyingine, zile za kufungia mizigo na kuanikia nguo, ni nyepesi kuliko maji. Haimaanishi kamba inayoelea haina kazi. Wenye nyavu wanaihitaji juu ya nyavu zao. Ila kwa mtu anayetaka chambo kishuke chini kwa kuhe, ni kamba ya nguo tu.

Watu wa zamani hawakuwa na matatizo haya kwa sababu hawakuwa na nailoni. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1935, katika maabara ya kampuni ya DuPont, na kundi la mkemia Wallace Carothers. Kabla ya hapo wavuvi wa dunia walitumia hariri, pamba, kitani, hata nywele za mkia wa farasi. Mzee anasema babu yake alikuwa anasokota nyuzi za mimea kwenye paja, na akimaliza kuvua anazianika, maana zikibaki mbichi zinaoza. Nailoni haiozi, na huo ndio uzuri wake na ubaya wake, kama itakavyoonekana mbele kidogo.

Swali la pili ambalo wageni huuliza ni urefu. Baba alikuwa amesikia kwamba Tanganyika haina mwisho, na hapo ndipo alipodanganyika na fungu kubwa. Ni kweli kwamba ziwa hili ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal ya Urusi, na pale penye kina zaidi linafika mita 1,470 hivi. Lakini hewa ambayo samaki wanaivuta haifiki huko. Upande wa kaskazini wa ziwa inaishia karibu mita 100, kusini inaweza kufika mita 200 hivi. Chini ya hapo ni maji makubwa, safi kwa macho, lakini samaki haishi humo. Kwa hiyo mita elfu za uzi ni mali ya muuzaji. Mtu anayetupa mshipi kwa mkono akiwa juu ya majabali anatumia mita 30 au 40. Mwenye mtumbwi anayefuata sangala chini anahitaji zaidi, labda mita 100 na akiba kidogo.

Unene ndio uliochukua muda mrefu zaidi kufahamika, na ni kweli kwamba hesabu yake inadanganya macho. Rulo nzuri ina namba mbili: unene kwa milimita na nguvu kwa kilo. Nyingine zinaandika nguvu kwa ratili za Kiingereza, na hapo mtu agawe kwa mbili, apunguze kidogo, ndipo apate kilo. Uzi wa 0.30 kwa kawaida unabeba kati ya kilo 5 na 8, kulingana na ubora. Uzi wa 0.50 unabeba kama kilo 15 au zaidi. Ukiongeza unene mara mbili, nguvu haiongezeki mara mbili bali karibu mara nne, kwa sababu kinachobeba ni nyama yote ya ndani ya uzi. Vile vile, mahali palipotosha mita 100 za uzi mwembamba patatosha mita 25 tu za uzi wenye unene mara mbili.

Kwa nini basi mtu asichukue mnene tu, alale salama? Kwa sababu samaki ana macho. Maji ya Tanganyika ni maangavu sana, isipokuwa karibu na midomo ya mito, na kuhe anayeona kamba karibu na chambo anageuka. Uzi mnene pia unasukumwa na mkondo, chambo hakikai mahali pake, na mkono hausikii samaki akigusa. Wenyeji wanaovua mukeke usiku kwa taa wanatumia ndoana nyingi kwenye mshipi mmoja, wamezifunga manyoya ya kuku au nyuzi zinazong'aa, na kwa kazi hiyo wanapenda uzi mwembamba. Mukeke hazidi kilo moja kwa kawaida. Sangala ni jambo jingine. Yeye anaweza kupita kilo kumi, na akishika, uzi wa mukeke unakuwa kama utandu wa buibui. Na kambale wa mdomo wa mto Mutambala hajali rangi ya uzi kabisa, kwa kuwa maji yale ni ya tope. Kwake mtu achukue mnene bila woga.

Baba wa milimani hakuwa na taa wala mtumbwi. Alikuwa na majabali, kuhe na samaki wadogo. Mzee alimshauri uzi wa 0.40, wa nyuzi moja, usio na rangi au wenye kijani hafifu. Si mwembamba wa kumtia hasara, wala si mnene wa kumfukuza samaki. Mtu akitaka kubishana na chaguo hilo anaweza, wavuvi wa Baraka wanabishana kila jioni, lakini kwa mtu mwenye nafasi ya kununua mara moja tu ni chaguo lenye akili.

Shida ilikuwa pesa. Ilikuwa imekwisha. Hapo mama watoto ndiye aliyeona njia. Aliongea na jamaa nyingine mbili zilizofika wakati mmoja nao, moja ya mama mjane mwenye watoto watatu, na jingine la vijana wawili ndugu. Kila upande ukatoa kidogo. Rulo moja nzuri ya mita 100 iligawanywa mara tatu. Badala ya jamaa tatu kununua mafungu matatu mabaya, zilinunua kitu kimoja kizuri. Wazo hili ni dogo, lakini katika makambi na viwanja vya wenyeji halifanyiki sana, pengine kwa sababu kila mtu anaogopa kuonekana ombaomba mbele ya mwenzake.

Safari hii baba alikwenda sokoni na mzee, na kikao kilikuwa kirefu mpaka muuzaji akachoka.

“Mama, utuletee ile ya ndani ya katoni,” mzee alisema, kwa sababu safari hii walikwenda kwa mama mmoja mwenye meza kwenye kivuli.

“Hii ya juu iko na shida gani, muzee?”

“Imeota jua sana. Sisi tunataka mtoto wa kivulini.”

Mama alicheka, akainama, akatoa rulo iliyokuwa bado na plastiki yake. Mzee alifungua kama mita mbili, akapitisha uzi kati ya kucha zake polepole, akitafuta mahali penye kovu. Akaachia uone kama unajikunja sana. Kujikunja kidogo ni kawaida, kwani uzi unakumbuka umbo la rulo. Kujikunja kama chemchemi maana yake umekaa miaka mingi, au ni mgumu kupita kiasi.

Nyumbani walifanya jaribio la mwisho, na hili kila jamaa inaweza kulifanya kwa kuwa bidoni la maji liko kila mahali. Lita moja ya maji ni kilo moja. Walifunga uzi kwenye bidoni la lita 20, wakaulowanisha kwanza, maana nailoni ikilowa inapoteza sehemu ya nguvu yake na samaki havuliwi kwenye ukavu. Upande wa pili walizungushia kwenye mti, si kwenye mkono. Lita tano: ikainuka. Lita nane: ikainuka. Waliacha hapo kwa kuwa hawakutaka kuharibu. Kisha, watoto wakiwa wamejaa pembeni, wakajaribu lile fungu la zamani. Lilikatika kwenye lita tatu, na bidoni likamwaga maji miguuni mwa kila mtu. Mama watoto alicheka kuliko wote.

Mafundo yalichukua siku mbili. Mkulima anajua kufunga mbuzi, kufunga kuni, kufunga mzigo, na mafundo hayo yote yanaumiza nailoni. Fundo la kawaida la kukaza tu linaweza kuondoa karibu nusu ya nguvu ya uzi. Lile ambalo mzee alimfundisha ni jepesi: uzi unapita kwenye tundu la ndoana, unazungushwa mara tano kwenye uzi wenyewe, ncha inarudi kupitia kile kitundu kidogo karibu na ndoana, halafu inapita tena ndani ya kitanzi kilichobaki. Kabla ya kukaza, mate. Ukikaza fundo kavu, msuguano unatoa moto mdogo ambao huusikii kwa kidole lakini unaunguza uzi. Baba alirudia usiku, kwenye mwanga wa tochi, mpaka mtoto wake wa kike akawa analifunga haraka kuliko yeye.

Jiwe nalo lina akili yake. Watu wanaovua kwenye majabali wanapoteza mshipi mwingi kwa jiwe linalonasa kuliko kwa samaki. Mzee anafunga jiwe kwa kamba ya mgomba, kando, wala si kwa mshipi wenyewe. Jiwe likinasa, kamba ya mgomba inakatika na mshipi wote unarudi na ndoana yake. Mawe hayanunuliwi, na migomba Fizi haijakosekana.

Katika kiwanja kile kuna pia kijana aliyeletewa fimbo yenye mulineti, kile kigurudumu cha kuviringishia mshipi, na mjomba wake aliyekuwa Bujumbura. Vijana wote walikuwa wanakiangalia kama pikipiki mpya. Alikuwa amekijaza uzi wa 0.80, kwa sababu aliona mnene ndio wa kiume. Kila alipotupa, uzi uliruka nje kwa mafungu na kufungana. Mulineti ndogo ina kigurudumu chembamba, na uzi mnene haukubali kulala juu yake. Unataka kurudi kuwa mnyoofu. Kwa chombo cha aina hiyo 0.30 inatosha, labda 0.35. Ujazwe mpaka ubaki ukingo wa milimita mbili hivi: ukijaza kupita unaruka, ukipunguza sana unasugua ukingo na hauendi mbali. Breki yake ilegezwe ili uzi utoke kabla haujafika hata theluthi moja ya nguvu yake. Kijana alikuwa ameikaza mpaka mwisho. Wasio na mulineti, yaani karibu wote, wanaviringisha kwenye chupa ya plastiki, na kanuni ni ile ile: chupa nene ni bora kuliko kijiti chembamba, kwa sababu uzi ukikunjwa sana unabaki na mikunjo.

Kuna jambo moja la kusema kwa ukali. Siku hizi unaonekana uzi mwingine, wa kusukwa kwa nyuzi nyingi nyembamba sana, hauna utelezi wa kioo bali unafanana na uzi wa cherehani. Una nguvu ya ajabu kwa unene wake na haurefuki ukivutwa. Nailoni ya kawaida inarefuka kidogo, na kule kurefuka kunapokea mshtuko wa samaki. Uzi wa kusukwa haupokei kitu, unaupeleka wote kwenye mkono. Mtoto mmoja wa kike wa miaka 12, katika jamaa ya jirani, aliuzungusha kwenye kiganja ili asiupoteze. Samaki aliposhika, ulikata kama wembe, na alishonwa kwenye kituo cha afya. Uzi huo ni wa fimbo na mulineti, na watu wazima. Na uzi wowote, hata ule wa nailoni, hauzungushwi mkononi. Unashikwa kati ya vidole, samaki akivuta unaachiwa kidogo, akichoka unarudishwa. Baba alisema hilo ndilo gumu kwake kuliko yote. Ng'ombe akivuta, unavuta.

Vipande vinavyobaki visitupwe ufukoni. Hapo ndipo ubaya wa kitu kisichooza unapoonekana: ndege wanafungwa miguu, mbuzi wanameza, watoto wanaotembea bila viatu wanajikata. Katika kiwanja kile mabaki yote ya lile fungu baya yanawekwa kwenye kopo. Hayafai tena kwa samaki, lakini mama watoto ameshonea kandambili mbili, na upande wa shitingi uliokuwa unapigwapigwa na upepo umetulia.

Wanaovuka kwenda kwa ndugu zao Kigoma, wasichanganye mambo. Tanzania inakataza nyavu za uzi wa nyuzi moja, zile zinazong'aa, kwa sababu zinanasa kila kitu. Katazo hilo ni la nyavu. Pia, mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi kwenye ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane, kufuatana na makubaliano ya nchi nne za ziwa hili, ambazo ni Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, mtu aulize kwanza kwa wavuvi wenyeji na kwa ofisi inayosimamia uvuvi kama ziwa liko wazi. Na asisimame majini mpaka magotini alfajiri au jioni. Mamba wapo.

Wiki mbili baada ya bidoni kumwagika, baba alirudi na kuhe wawili, si wakubwa. Mmoja ulipikwa, mwingine ukauzwa, na pesa ikanunua sabuni. Si kila siku. Kuna siku tatu mfululizo alizorudi na chupa yake tu, na siku moja upepo wa ziwa uliwazuia wote. Lakini ndoana yake ni ile ile ya kwanza aliyoifunga kwa mate, na sufuria ya pili imeanza kutajwa tena nyumbani.

Mama mjane alipeleka kipande chake Mutambala kutafuta kambale, na amesema wazi kwamba kwa maji yale 0.40 ni nyembamba. Akipata nafasi atanunua 0.60. Vijana wawili ndugu bado hawajaanza. Kipande chao kimeviringishwa kwenye chupa, kimefunikwa kitambaa cheusi chini ya kitanda, kinasubiri ndoana. Zile za saizi ndogo zimekwisha sokoni wiki hii, na yule mama wa meza ya kivulini anasema mtumbwi wa mizigo kutoka Uvira haujafika.